Ribiti za Mkia wa Ndege ya Mwalimu

Mimi ndiye yule fundi. Mkienda Newala mkakuta watu wanacheka habari za ndege iliyochanika kabla haijaruka, msihangaike kuuliza, mwenyewe ndiye huyu mnayekunywa naye chai, na aibu ile mpaka leo sijapata pa kuitua.

Kiwanda cha korosho kilipofungwa (enzi hizo za ruksa kila kitu kilikuwa kinafungwa au kinauzwa) nilirudi kwenye ufundi bati wa marehemu baba, nikawa natengeneza ndoo, na ndoo ya Newala jamani haitakiwi kuvuja hata tone, maji yenyewe tunayapata kwa kugombana. Sasa ndoo unapiga ribiti, vile vijipini vya kuunganishia, karibu kabisa na ukingo wa bati, kisha unafunika mstari wote kwa risasi ya kuyeyusha. Ribiti inashikilia tu, kazi yenyewe inafanywa na risasi. Mkono wangu umezoea hivyo.

Akatokea Mwalimu Mbaruku, mstaafu wa ufundi aliyehamia kwetu kutoka Masasi, anaunda ndege ya mtu mmoja uani kwake kwa kufuata kitabu. Watu walimcheka, mimi nikaona riziki. Akanipa mkia niuvike bati la alumini.

"Baba Zuhura," akaniambia, "kutoka katikati ya tundu mpaka ukingoni, unene wa ribiti mara mbili. Usipunguze hata kidogo, humu hamna risasi ya kukuokoa."

Nikaitikia, ndiyo Mwalimu.

Tundu la kwanza mkono ukaenda kwa mazoea ya ndoo. Lilikuwa karibu mno na ukingo, nililiona kwa macho yangu haya, na hapo ningemwita Mwalimu yakaisha, lakini nikaona haya, fundi mzima nikosee la kwanza! Nikaamua mengine yote yalifuate lile, ili mstari unyooke. Ukanyooka kweli, ukapendeza. Mwalimu macho yake yalishaanza kufifia, akaupapasa kwa kidole, akauliza, "Umepima?" Nikasema nimepima.

Siku ya kujaribu injini, kabla Mwalimu hajairusha Jumamosi, ndege ikasukumwa mpaka kiwanja cha mpira, ikafungwa kamba kwenye mkorosho isije ikaondoka, na mimi kwa ujinga wangu nilikuwa nimemwita mama mkwe kutoka Tandahimba aje aone kazi ya mkwewe (alivaa kanga mpya kabisa). Injini ikanguruma, pangaboi likazunguka, watu wakashangilia, Mwalimu akaongeza moto akiwa amesimama ubavuni mwake, bati la mkia likaanza kutetemeka, tundu moja likapasukia ukingoni, la pili likafuata, mstari wangu mzuri wote ukafunguka prrrr, bati likaruka hadi kwenye bomba pembeni ya kiwanja, likakumba ndoo za akina mama waliopanga foleni tangu alfajiri. Maji yote chini.

"Baba Zuhura!" akapiga kelele Mama Asha, kalowa chapachapa. "Ndoo zako hazivuji, mbona ndege yako inavuja?"

Kiwanja kizima kikaangua kicheko. Mama mkwe akajifunika kanga usoni, akaondoka bila kuniaga.

Mwalimu hakucheka wala hakukasirika. Alizima injini, akaokota lile bati, akatoa rula, akaisogeza karibu na macho, akapima tundu la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la mwisho. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Jumamosi ningekuwa nimekaa humo, mwanangu."

Bora angenizaba kibao. Ndege hakuigusa tena, injini akamwachia mwenye mashine ya kusaga, na nikikutana naye njiani namwamkia shikamoo Mwalimu, anaitikia marahaba vizuri tu.

Siku hizi nikikosea tundu moja sitoboi la pili. Namwita mwenye kazi, namwonyesha. Wateja wananisifu, wanasema fundi mwaminifu kama huyu hamna, na mimi nainamisha kichwa naendelea kugonga, maana nitawaambia nini?