Moto wa Nyumba ya Radi

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu Ufipa moto ulikuwa kitu cha kuombana. Kiberiti dukani kilionekana kwa bahati. Asubuhi ulitumwa kwa jirani na kigae cha chungu, ukarudi na makaa umeyakinga kwa kiganja upepo usiyamalize njiani. Hakuna aliyenyimwa moto, isipokuwa nyumba iliyopigwa na radi.

Yetu ilipigwa mwaka ule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, mvua zikiwa ndiyo kwanza zinaanza. Baba alikuwa mlangoni akikwangua udongo kwenye jembe. Tulimzika kwa misa, watu wakaimba vizuri tu, kisha wakaondoka bila kutushika mkono. Kwao radi haiji yenyewe, ina mtu aliyeituma. Mpaka mganga aje kuosha mji wa marehemu na kumtaja mtu huyo, nyumba ile haipewi moto wala haiombwi moto. Ukivunja mwiko, radi inakufuata kwako.

Mama alikataa mganga. Alisema yeye ni Mkristo, na zaidi ya hapo alijua nani atatajwa. Sote tulijua. Nyuma ya shamba letu la mahindi aliishi mama Sesilia, mjane aliyekwisha kumzika huyo Sesilia wake, mwenye macho mekundu kwa moshi. Mtu wa aina hiyo hakosi kutajwa. Kule tulikohama alitajwa mzee mmoja, nyumba ikachomwa naye akiwemo. Nilikuwa mdogo mno, lakini harufu ile ninayo mpaka leo.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na rozari shingoni kama mama, ila yeye alikuwa amemzika mwanawe na alitaka mtu. Walibishana siku nyingi kwa sauti za chini. Mwishowe bibi akasema, "Haya. Moto ulionao usizimike. Siku ukizimika nitajua Mungu amekunyamazia, na mganga nitamfuata mwenyewe."

Basi tukawa walinzi wa moto. Mimi na kaka yangu Kostansi tulipokezana kando ya gogo moja jeusi, nalo nililichukia gogo lile kuliko mtu yeyote duniani. Mama alishinda shambani akifukia nyasi kwenye matuta ya ulezi. Kwetu hiyo ni kazi ya watu wengi, unapika pombe wanakuja na majembe yao, lakini pombe ya nyumba ya radi nani ataionja? Alikuja mjomba peke yake, kwa miguu kutoka Mwazye, akalima na dada yake mpaka viganja vikachubuka. Jioni tulisali rozari jicho moja likiwa mekoni. Hata tulipolala na njaa mama hakubadilisha maneno yake: "Tusali, halafu tuchochee."

Nami kila nilipochochea nilimwona mama Sesilia ndani ya moto ule. Mtoto hapaswi kubeba kitu kama hicho.

Alasiri moja mvua ilishuka na mawe yake. Paa letu lilikuwa limeezekwa haraka haraka, maana tulihamishwa haraka haraka, na likafunguka juu ya meko. Maji yakamwagika yote pale. Mama alipiga magoti akachimbua majivu kwa mikono, akatafuta hata kaa moja, asipate.  Bibi alifunga kitenge chake vizuri, akachukua fimbo, akasimama mlangoni kungoja mvua ipungue.

Mvua ikapungua. Ndipo mlango wa nyuma ukagongwa, akaingia mama Sesilia, ameloa chapachapa, amekumbatia chungu kilichofunikwa kwa kigae.

"Sijaona moshi kwenu," alisema. "Watoto watalala na baridi."

Bibi akageuka. Uso ule sijausahau. Akasema polepole, "Asiyeiogopa radi ni yule aliyeituma."

Jamani, nilitaka ardhi inimeze. Makaa yalikuwa yanagongana ndani ya chungu cha mama Sesilia, nayo yaligongana kwa sababu yeye alikuwa anatetemeka. Mama akakipokea.

"Mama," alimwambia bibi, "angalia mikono yake."

Bibi akaiangalia. Aliiangalia muda mrefu, na nje radi zilikuwa bado zinanguruma upande wa Matai. Kisha akaiweka fimbo, akakaa chini na magoti yake mabovu, akaanza kupuliza. Kostansi akafungua mdomo, akasema mganga sasa si itabidi aje, moto si umezimika?

"Nani kasema umezimika?" bibi akamkata.

Habari ya moto ule hatukumwambia mtu. Mama Sesilia alirudi kwake kwa kupitia mahindini, na ulezi mwaka ule ulikuja mwembamba lakini ulikuja.

Leo nakaa Sumbawanga mjini, nina jiko la gesi, na ikinguruma bado nanyamaza. Wanangu wakiniuliza bibi yao, yaani mama yangu, alipata wapi nguvu, nawaambia ni imani, na sidanganyi. Ila alasiri ile imani yake ilibaki na majivu mkononi, na waliomshika mkono ni mama mkwe mwenye uchungu na jirani mwenye hofu. Naweza kuyasema sasa kwa kuwa hakuna wa kudhurika. Mama Sesilia amekwisha kufa. Alikufa kwa uzee, kitandani kwake, chini ya paa lake.