Nusu ya Ebla

Ukitaka kumjua Ebla wa mtaa wa Galbet mjini Garissa, usiulize nyumba yake, ulizia maziwa. Akina mama wanaouza maziwa ya ngamia pale mtaani ni wengi, lakini yeye ndiye anayekuonjesha kwanza, na akikuona unasitasita anakunyang'anya kikombe akamuuzia mwingine. Kubembeleza mtu hajui. Maziwa hushuka asubuhi na lori kutoka malishoni, vibuyu vikinukia moshi kama inavyotakiwa, na jua likianza kuwa kali yeye keshauza, keshafunga leso, yuko njiani kurudi kwa mumewe Billow.

Na huyo Billow ndiye aliyemfanya Ebla ataniwe na wenzake, kwa wivu tu, msidanganyike. Mzee mzima, aliyekuwa mchungaji wa ng'ombe kijijini Sangailu, maneno yake ya kuhesabu, lakini tangu amwoe Ebla hajatia kitu kinywani bila kumkatia mkewe nusu. Sisemi sahani ya wali, hiyo kila mwenye adabu hugawa. Nasema tende. Tende moja! Ataipasua kwa meno, atoe kokwa, nusu yake, nusu ya Ebla. Ukame wa zamani ulipomaliza ng'ombe wao wakahamia Garissa mjini, mzee akawa hana mifugo, hana kazi, mkewe ndiye anayetoka asubuhi kutafuta. Kitu pekee alichobaki nacho cha kumpa mkewe kilikuwa hiyo nusu. Ebla alilijua hilo, ndiyo maana hakuwahi kusema ameshiba.

Basi upepo wa vumbi ulipoanza, Billow akashikwa na kifua. Mwanzoni walidhani ni mafua. Kisha homa ikapanda, ubavu ukawa unamchoma kila akivuta pumzi, na usiku hakulala. Ebla akampakia kwenye tuktuk hadi zahanati ya hapo hapo mtaani, kwa Hani, tabibu kijana aliyezaliwa mtaa wa pili na ambaye Ebla alimnywesha maziwa tangu hajaota meno. Hani akamsikiliza mzee kifua, mbele na mgongoni, akasema ni nimonia. Akatoa pakiti ya vidonge vya antibiotiki.

"Eeddo," alimwambia Ebla, akimwita shangazi kama wanavyowaita wakubwa wao, "hivi avimalize vyote. Hata akijisikia mzima, avimalize."

"Nimesikia, mwanangu."

Alisikia kweli. Lakini kusikia ni jambo moja, na mgeni mlangoni ni jambo lingine kabisa. Dawa zilikuwa zimeanza kumwinua Billow, amekaa kitako, ameomba chai, mara akaingia Abdijabar, mtoto wa ndugu yake, ametoka Sangailu na mbuzi wa kuuza soko la mifugo. Vumbi la njiani limemkaba, anakohoa mpaka machozi. Akapewa maji, akapewa maziwa, akapewa mkeka. Aliposimama kuaga bado anakohoa, Billow akageuka kwa mkewe akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi, "Mgawie dawa."

Ebla alimwangalia. Wewe ungefanya nini? Mgeni amesimama, kijana wa damu yao, anakohoa ndani ya nyumba yenye dawa. Kwa watu wale, kumwacha aende mikono mitupu ni kumtangaza mumeo bahili ukoo mzima. Akakata pakiti kwa mkasi. Abdijabar akashukuru, "Mungu akuponye, adeer," akimwita ami, akaenda zake.

Kumbe kilichobaki hakikutosha. Vidonge viliisha, siku zikapita kidogo, na homa ikarudi kwa hasira kuliko mwanzo. Safari hii Billow hakuweza hata kukaa. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, kila pumzi anaivuta kama mtu anayeteka maji kwenye kisima kirefu. Akapelekwa hospitali kubwa, akawekewa oksijeni, na daktari akauliza swali ambalo lazima aulize.

"Mzee, dawa za kwanza ulizimaliza?"

"Zote," alisema Billow. Hewa ya kusema neno hilo moja aliipata kwa taabu, na aliitumia kusema uongo.

Msimlaumu haraka. Angesemaje? Kwamba mtoto wa ndugu yake alibeba uzima wake akaenda nao Sangailu? Mbele ya mtu asiyemjua? Ebla alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, na katika ndoa yao yote hakuwahi kumpinga mumewe mbele ya watu. Halafu akasema, "Daktari, hakuzimaliza. Nusu tulimpa mgeni. Mimi ndiye niliyekata."

Billow akafumba macho. Daktari hakugomba, alishukuru tu, akapanga dawa zake, sindano kwanza, vidonge baadaye. Mzee alikaa wodini hadi Ebla akazoeana na wafagiaji wote. Aliporudi nyumbani alikuwa amekonda, kanzu inamning'inia, na mkononi ana pakiti nyingine ya kumalizia matibabu. Alhamdulillahi, alikuwa hai.

Na hapo ndipo Ebla naye akaanza kukohoa.

Alianza na pua, koo likafuata, kisha kifua. Akaenda kwa Hani bila kuchelewa, maana Ebla ni mtu wa vidonge. Maisha yake yote kikohozi alikitibu kwa vile vya rangi mbili, viwili leo, kimoja kesho, kikohozi kikaisha, na sifa zote zikaenda kwa kidonge. Hani akampima homa, akamtazama anavyopumua, akamsikiliza mgongo kwa muda mrefu.

"Kifua chako kiko safi, eeddo. Hiki kikohozi ni cha virusi. Kunywa vitu vya moto, pumzika, kitaisha chenyewe."

"Na dawa?"

"Antibiotiki inaua bakteria. Virusi havina habari nayo. Ukiona unahema, au homa inapanda, au ubavu unachoma kama wa mzee, njoo siku hiyo hiyo. Lakini sasa hivi huihitaji."

"Huna, au unaninyima?"

Hani akacheka kidogo. "Kukupa ndiyo kazi rahisi, eeddo. Ningekupa ukaondoka umefurahi, na mimi nikaendelea na foleni yangu. Nakwambia ukweli kwa sababu ni wewe."

Ebla akatoka amevimba. Mlangoni pa nyumba yake akakutana na jirani yake Amran, mwanamke asiyeweza kuacha jambo lipite. Amran alimtazama mikono.

"Yaani umeenda zahanati ukarudi na maneno matupu?"

"Nyamaza, Amran."

"Hayo maneno unayameza kabla ya chakula au baada?"

Ebla alitaka kucheka, kikohozi kikamkatiza. Na ndani Billow alikuwa anasikia. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, mgongo ukutani, anamtazama mkewe akiingia, anamtazama mikono yake kama Amran. Alichukua pakiti yake, akachukua mkasi, akaikata katikati. Kipande kimoja akakiweka mbele yake. Cha pili akakisukuma upande wa pili wa mkeka.

"Nusu yako," alisema.

"Hani amesema sihitaji."

"Hani ni mtoto. Mimi nasikia kifua chako."

"Billow, hizo ni zako. Ukipungukiwa tena..."

"Basi ndivyo ulivyomwambia? Umemwambia asikupe ili nibaki nazo mimi?" Sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Nimekula jasho lako tangu tuje mji huu. Sitakula na pumzi yako. Wallahi, sitameza hata kimoja mpaka umeze wewe, mbele ya macho yangu."

Ebla akaketi taratibu. Mtu kama Billow akisema wallahi hasemi kwa kupamba mazungumzo. Umri wote ule hakuna aliyewahi kumwona akirudi nyuma katika kiapo chake. Na saa ya kumeza kidonge ilikuwa imefika.

Sasa niseme ukweli wote kumhusu Ebla, maana si malaika. Alizitaka zile dawa. Alizitaka sana. Kifua kilikuwa kinamuwasha, na moyoni kulikuwa na sauti inayouliza: je, Hani akiwa amekosea? Billow naye si alianza hivi hivi, na mafua? Nani atamtunza mzee akilala yeye? Angenyoosha mkono tu, mambo matatu yangemalizika pamoja. Hofu yake ingetulia, mumewe angefurahi, kiapo kingesimama. Na pakiti ingebaki nusu, kama ile ya kwanza.

Alitoka uani. Amran, ambaye bila shaka alikuwa ameegesha sikio ukutani, akamnong'oneza, "Wewe tia mdomoni, akigeuka tema. Wanaume wanadanganywa na mengi makubwa kuliko hilo."

"Kidonge kilicholowa mate kitarudi kwenye pakiti?"

Amran akajirudia kwake, na hilo si jambo la kila siku.

Ebla alisimama pale akajisikiliza mwenyewe, kama Hani alivyomsikiliza. Akavuta pumzi ndefu. Iliingia. Haikuchoma. Akajigusa shingo, hakuna moto. Anakohoa, ndiyo, lakini ametembea hadi zahanati kwa miguu yake na kurudi, na asubuhi alibeba maziwa. Huu haukuwa ugonjwa wa Billow. Alilijua hilo mwilini mwake, na kilichomuuma ni kwamba alilijua tangu alipotoka kwa Hani. Akaingia ndani, akaketi mbele ya mumewe, vipande viwili vya pakiti kati yao.

"Sitameza," alisema.

"Basi na mimi sitameza."

"Siku ile ulisema nimgawie Abdijabar. Nilijua si sawa. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu na nilijua. Nikakata, kwa sababu ya heshima yako. Kisha nikakaa hospitalini nakutazama unavyotafuta hewa, na nikafikiria nani nitamwita kukuosha." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Nilishachagua sanda kichwani mwangu, Billow. Nilishachagua mpaka duka."

Mzee aliinamisha kichwa.

"Umeapa. Haya. Kiapo kikivunjwa kina kafara, maskini kumi wanalishwa, Mungu mwenyewe ameweka mlango. Nina maziwa, ruhusu nilishe hata kesho. Lakini ukifa wewe, niambie kafara yake ni nini? Nilishe wangapi ndiyo urudi?"

Mkono wa Billow ulikuwa juu ya mkeka karibu na kile kipande alichomsukumia mkewe, vidole vinacheza na ukingo wake. Alikaa hivyo mpaka muadhini akaanza kuita, na akaendelea kukaa mpaka akamaliza.

"Na wewe?" aliuliza hatimaye. "Ukiwa ni huu wa kwangu?"

"Nikihema tu, nitakwenda kwa Hani kabla hujamaliza kuniambia niende. Na atakachonipa kitakuwa changu, nitakimaliza mpaka cha mwisho, na wewe sitakupa hata kimoja. Umesikia? Hata uape."

Kidogo midomo ya mzee ikataka kutabasamu, ikashindwa. Akarudisha kipande kile upande wake. Akatoa kidonge, akakiweka kiganjani, akabaki anakitazama. Ebla akampa maji. Ndipo kikohozi kikampanda Ebla, kile kirefu kinachomkunja mtu, na Billow akasimamisha mkono karibu na mdomo, macho kwa mkewe, hawezi.

"Meza," Ebla alisema, anakohoa. "Meza, mume wangu."

"Siwezi nikikuona."

Ebla akainuka, akatoka nje, akafunga mlango nyuma yake. Akaenda hadi nyuma ya nyumba, akafunika mdomo kwa mtandio ili sauti isipite ukutani, akakohoa huko peke yake mpaka kikaisha. Aliporudi glasi ilikuwa tupu na Billow amelala ameelekea ukuta, mabega yanatikisika. Alikuwa analia. Ebla akaketi nyuma yake, akamwekea mkono mgongoni.

Kesho yake maziwa ya Ebla hayakufika sokoni. Aliyamimina kwenye vikombe vya wazee na wajane kumi maskini wa mtaa, akaongeza na canjeero za moto, zile chapati laini za unga uliochachushwa, hadi wakashiba, na waliouliza ni sadaka ya nini aliwaambia ni ya mzee, amepona. Na kila saa ya dawa ilipofika alimwekea Billow maji, akampa kidonge, akatoka nje, akasubiri. Hivyo hivyo mpaka pakiti ikaisha. Kikohozi chake mwenyewe kilikuwa kimeshaisha zamani, lakini aliendelea kutoka, kwa maana mzee hakuwa amejifunza kula kitu peke yake huku mkewe anamtazama.