Makaburi ya Makomamanga

Nilipokuwa mtoto nilizika makomamanga mengi kuliko niliyokula. Wajukuu wangu wakisikia hivyo hucheka mpaka wakashika mbavu, nami nawaacha wacheke, kwa sababu sehemu inayofuata huwa siwasimulii.

Tulikaa pembezoni mwa Kapata, kambi ya wafanyakazi wa mgodi, pale mistari ya nyumba za kampuni ilipokwisha na viwanja vya wafanyabiashara vikaanza. Baba aliuza samaki wakavu na vitenge, na siku zake nyingi ziliishia kwenye treni ya Dilolo. Mwenye nyumba hasa alikuwa Nkambo, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama yake baba, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Alikuja kutoka Kasongo na vipandikizi vya mkomamanga amevifunga katika kitambaa kibichi, na kufikia wakati wangu vilikuwa bustani nzima nyuma ya nyumba. Vumbi la mgodi lilifunika kila kitu pale kwetu. Maua ya miti ile yalikuwa kitu pekee kilichoonekana kimeoga.

Nkambo alitufundisha kwamba ndani ya kila komamanga mna punje moja iliyotoka Peponi. Ni ipi, hakuna ajuaye. Kwa hiyo tulikula juu ya sahani, na punje ikidondoka tuliitafuta kwa magoti. Na tunda likioza? Halikutupwa jalalani wala kutiwa motoni, maana nani achome kitu cha Peponi? Lilizikwa. Nkambo alisoma bismillahi, mimi nikachimba kwa kijiko shimo la kina cha kiganja, chini ya mti uleule uliolizaa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kila asubuhi ya msimu, na niliifanya kwa fahari. Chini ya miti vilijaa vilima vidogo, na mgeni angedhani tumezika vifaranga.

Upande wa pili wa ua wa matete aliishi Mama Ngalula. Walikuwa watu wa Kasai, Wakristo wa kuimba, na mumewe alifanya kazi mgodini. Mama yangu mzazi alikufa akinizaa. Nkambo, ambaye hakunywa hata maji katika kikombe cha nyumba isiyo ya Kiislamu, alinibeba siku ileile, akazunguka ua, akaniweka mapajani pa Mama Ngalula aliyekuwa akimnyonyesha binti yake Ngalula. Nilinyonya titi moja, Ngalula akanyonya jingine. Kwetu maziwa hufanya udugu, dini yenyewe inasema hivyo, basi Ngalula alikuwa ndugu yangu na yule mama alikuwa mama yangu. Kwa shukrani, komamanga la kwanza kuiva kila mwaka lilikuwa lake. Nkambo alilipeleka mwenyewe, juu ya sahani, chini ya kitambaa cheupe.

Halafu wakaja funza. Msimu mmoja walikuwa wachache, msimu uliofuata hawakusemeka. Kwa nje tunda lilikuwa zima na jekundu, labda lina kidoa kama ncha ya sindano. Ukilipasua, ndani ulikuta uji wa kahawia unaotembea.

Nkambo aligeuzageuza ganda mkononi. "Hii tunda haina mulango," alisema. "Sasa mududu ilipitia wapi? Mutu njo aliituma."

Tulizika zaidi.

Mwaka ule tunda la kwanza lilipelekwa kama kawaida. Mama Ngalula alikuwa na wageni wa kanisani. Alilipasua mbele yao kwa furaha, na funza wakamwangukia kiganjani. Wageni wakavuta viti nyuma. Sijapata kumwona Nkambo mdogo kiasi kile. Mama Ngalula akafuta mkono, akacheka kidogo ili kumsaidia, kisha akamshika Nkambo mkono wakatoka pamoja mpaka chini ya miti yetu. Mimi nilifuata. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake.

"Angalia, Nkambo," alisema, akichuchumaa penye kilima kimoja.

Niliona. Udongo ulisogea, akatoka nzi mdogo mwenye mabawa yaliyokunjamana, akasimama juu ya kaburi akijikausha. Akatoka mwingine.

"Kule munazikaka, njo kule inatokea. Bile bitunda bilianguka tubipike mu maji ya moto, bidudu bife byote. Na bile biko ku muti tubifunge na bitambaa."

Nkambo alichomoa mkono wake. "Tupike mbegu ya Peponi? Mu sufuria, sawa mboga?"

"Mama, mule Peponi ilishatoka. Kunabakia funza tu."

Leo nayasikia maneno yale kama maneno ya mtu anayetaka kusaidia. Nkambo alisikia tusi, na nadhani alisikia zaidi ya tusi. Mtu anayetaka kuchemsha kitu kitakatifu ni mtu wa aina gani? Na alijuaje wadudu wanatokea wapi, kama si yeye aliyewatuma?

Jioni ile Baba alijaribu. "Mama, huyu njo alinyonyesha mutoto."

"Njo maana minaogopa," Nkambo akajibu. "Anajua njia ya tumbo ya mutoto."

Kisha akanigeukia. "Ukikula kwake tena, tumbo yako itazala funza sawa komamanga. Umesikia?"

Nilisikia. Lakini nilikuwa na njaa ya kumwona mama yangu, nikapita penye mwanya wa matete, nikala bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo kwenye sahani moja na Ngalula kama siku zote. Haukupita muda, nikaumwa tumbo, na chooni nikatoa minyoo. Watoto wote wa kambi walikuwa na minyoo. Wote. Kwenye dispensari walitupa dawa chungu ya kunywa, wakatusahau. Ila mimi ndiye niliyekuwa nimetabiriwa.

Onyo la Nkambo lilikuwa limetimia, na hakuliweka ndani. Alilipeleka bombani, kwa wanawake wenye ndoo. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa Wabelgiji, na watu walikuwa wameshaanza kuulizana nani mwenyeji na nani mgeni. Habari ya mwanamke wa Kasai anayetia funza matumboni mwa watoto ilipokelewa kwa mikono miwili. Jiwe la kwanza lilianguka juu ya bati lao siku ya Jumapili, wakiwa wanaimba. "Balozi!" watu walipiga kelele, wachawi. Hawakuwa watu wabaya, nilikuwa nawajua kwa majina.

Siku waliyoondoka kwenda kupanda treni ya Kasai, Nkambo alinifungia ndani pamoja naye. Tulisikia mizigo ikiburutwa. Kisha Mama Ngalula akaja mpaka kwenye matete, akaniita. Hakupiga kelele. Aliniita kama anavyoitwa mtoto aje kula.

"Zaina. Mwanangu, Zaina."

Nkambo aliniziba mdomo kwa kiganja kilichonuka udongo. Alikuwa analia. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu kunapunguza kitu.

Msimu uliofuata nilimwona akichuma tunda la kwanza, akaliweka kwenye sahani, akalifunika kitambaa, akatembea mpaka penye ua. Hapo akakumbuka. Alirudi, akalipasua, na lilikuwa limeoza. Akaniambia nilete kijiko. Aliendelea kuzika mpaka miti ikawa haina tunda hata moja la kuliwa, na akafa hivyo. Sikuwahi kumsikia akijuta, wala sitamtungia majuto.

Mimi nina mkomamanga mmoja, hapa Kolwezi. Matunda yake yakiwa machanga nayafunga vitambaa, na yanayoanguka nayachemsha, sawa mboga. Bado nakula juu ya sahani na bado natafuta punje iliyodondoka, ingawa magoti hayataki. Nkambo aliogopa kupoteza punje moja ambayo hata hakuijua ni ipi, na mtu aliyemjua kwa jina akamwacha apande treni.

Mwaka huu tunda la kwanza lilikuwa safi. Nililiweka juu ya sahani, nikalifunika kitambaa cheupe, na halikuwa langu kulila. Liko pale mezani mpaka sasa, ganda limekauka.