Kapasita Iliyoandikwa 104

Fundi Telesphory ana banda la mabati nyuma ya stendi ya Kwa Mathias, na mimi nimekalia benchi lake mara nyingi kuliko wateja wake wote. Si kwa kumpenda. Ni kwamba simwachii fundi kitu changu nikaondoka. Kwetu Kisarawe tulilelewa hivyo: kitu kikifunguliwa, mwenyewe awepo, na kifaa kibovu kikitolewa, akabidhiwe mkononi arudi nacho nyumbani. Bila hivyo hujui kilichotoka ni kipi, wala kilichoingia kimetoka wapi.

Yeye ni Mnyamwezi wa Urambo. Alikuja huku kijana, akapata kazi ya ulinzi kiwandani, na huko lindoni akawa anafungua redio za wenzake, mpaka akaacha rungu akawa fundi redio. Ni mpole, akiinama kazini husikii hata pumzi yake. Mkewe, Efrazia, anayekaanga mihogo mlangoni pa banda, ndiye anayeongea kwa niaba ya wote wawili. Mimi Mzaramo, wao Wanyamwezi, kwa hiyo ni watani, na utani umenifaa: yote ninayomshuku fundi namwambia usoni, naye hakasiriki.

Safari hii sikuwa na hamu ya kucheka. Cherehani ya umeme ya binti yangu Nuria, anayoshonea sare za shule, ilianza kwenda yenyewe. Mguu hauko kwenye kikanyagio, sindano inashuka. Mara ya kwanza alidhani amekanyaga bila kujua. Mara ya pili ilimpita kwenye ukucha wa kidole cha shahada. Nilichomoa waya ukutani nikamwambia hataigusa tena mpaka nijue kuna nini. Jirani alisema ina jini. Sikumbishia, ila nilikibeba kikanyagio kwa fundi kwanza. Jini angesubiri.

"Mtani, umekuja kuhesabu skrubu?" Efrazia aliniuliza nilipokaa.

"Nimekuja kumlinda mumeo asinipunguzie. Wanyamwezi mmebeba sana mizigo ya watu, na mingine haikufika."

"Haikufika kwa sababu ilipita Uzaramo."

Fundi alifungua kikanyagio, akatoa kitu kama kidonge kikubwa kilichopasuka. Akasema hiyo ni kapasita, na imeharibika, inapitisha umeme hata usipokanyaga, ndiyo maana mota inazunguka. Akaniwekea mkononi. Ilikuwa imeandikwa 0.1. Kisha akapekua kopo la maziwa ya unga, akatoa nyingine ndogo ya njano. Nikaomba niione kabla haijaungwa. Imeandikwa 104.

Niliishia darasa la saba, lakini sifuri nukta moja na mia moja na nne najua kuvitofautisha. Nikamwambia kama ile ya 0.1 imemtoboa mtoto kidole, hii ya 104 itamkata mkono.

Akaweka chini chuma chake cha kuungia, akanieleza polepole. Ujazo wa kapasita hupimwa kwa faradi, lakini faradi nzima ni kubwa mno, kwa hiyo hukatwa. Ukiikata vipande milioni, kimoja ni maikrofaradi. Maikro ukiikata vipande elfu, kimoja ni nanofaradi. Nano nayo ukiikata elfu, kimoja ni pikofaradi. Ile ya zamani imeandikwa kwa maikro, sehemu moja ya kumi. Hii ya njano imeandikwa kwa piko, na kwa kuwa haina nafasi ya sifuri zote, wanaandika kumi, halafu tarakimu ya mwisho inakwambia ongeza sifuri nne.

Nikahesabu kwa vidole. Kumi na sifuri nne, laki moja. Laki ya piko nikaigawa kwa elfu, ikawa nano mia moja. Nikaigawa tena kwa elfu, ikarudi sifuri nukta moja. Ni kama fitri: shehe anasema pishi, dukani wanapima kilo mbili na nusu, na mchele ni uleule. Moyo ulitulia, lakini si wote. Mtu akinieleza jambo vizuri sana, huwa natazama mikono yake.

Nikaziweka kapasita zote mbili kiganjani. Chini ya 0.1 palikuwa na 250V. Chini ya 104 palikuwa na 63V. Nikamuuliza kama na hiyo inageuzwa kama pishi na kilo.

Efrazia akasema Mzaramo sasa anataka na banda liwe lake. Mimi nilikuwa namtazama mumewe.

"Telesphory," nikasema. Sijawahi kumwita hivyo. "Mwanangu anakanyaga hapo miguu mitupu."

"Haigeuzwi," akasema. "Hiyo ni volti, umeme inaoweza kuustahimili. Wa ukutani ni mia mbili thelathini. Hii ni ya redio. Ingepasuka."

"Ungeiweka?"

"Ningeiweka."

Efrazia aliacha mihogo yake. Fundi akasema ndani ya redio umeme ni mdogo, na maisha yake yote jicho limezoea kulinganisha ujazo tu, ukilingana anaunga. Akamwaga kopo lote mezani, akaanza kuzitenga moja moja, masikio yamemwiva kwa aibu. Nilichukua kikanyagio changu nikaondoka nacho.

Kesho yake alikuja nyumbani mwenyewe, na kapasita nyingine, nene zaidi. Hakunieleza kitu, alinyoosha mkono nisome. Imeandikwa 100n, na chini yake 275V. Nano mia moja, ndiyo ile sehemu moja ya kumi ya maikro. Na mia mbili sabini na tano inaupita umeme wa ukutani. Nikamwambia aunge.

Alipomaliza, Nuria akavuta kiti. Nikamwambia ainuke. Fundi akakaa yeye, akarudisha miguu nyuma mbali na kikanyagio, akaweka kidole chake chini ya sindano, akaniambia nichomeke waya.

Nikachomeka. Sindano haikushuka.

Nikamwambia asikitoe kidole kwanza.