Baba Ameniomba Nimhamishe Babu Upande wa Pili wa Meza

Admin, naomba ufiche jina langu, maana nyumbani wapo wanaofuatilia ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka 43, naishi Miyuji hapa Dodoma na nafanya kazi ofisi moja kule Mtumba. Namtunza baba yangu mwenye miaka 81, ambaye macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho. Tangu mama afariki mwaka jana, asubuhi namwandalia uji na dawa kabla ya kutoka, jioni nikirudi naanza upya. Nimechoka, na si uchovu wa kulala ukaisha.

Starehe yangu ni moja tu, na msinicheke. Napaka rangi visanamu vya askari, vidogo vya urefu wa kidole. Jumamosi mimi na wenzangu watatu wa ofisini tunavipanga mezani kwangu, tunarusha dadu, tunapima hatua kwa rula na kupigana vita vya zamani. Wanangu wanasema mama yao amerudi chekechea.

Mwaka huu nilipendekeza tucheze habari ya kwetu, askari weusi wa mkoloni waliokataa amri na kuwageuzia bunduki mabwana zao. Sababu ni babu, mzazi wa baba. Kwetu Kibakwe kila mtoto amekua akisimuliwa kwamba babu alikuwa askari, akaasi pamoja na rafiki yake wa kijijini. Rafiki akapigwa risasi, babu akaponea chupuchupu.

Kwa ajili hiyo ukoo wetu na ukoo wa yule rafiki ni watani. Tukifiwa wao ndio wanaochimba kaburi, wakifiwa wao tunachimba sisi. Siku ya kumzika mama, mzee wao mmoja alishuka akalala humo kaburini, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, kwa sababu marehemu alimnyima ugali miaka yote. Tulicheka huku tunalia. Bila yule mzee sijui siku ile ningeimalizaje.

Sasa, katika kupaka rangi nilipata shida moja. Walioasi na waliotii walivaa sare ile ile, kaki na tarabushi nyekundu, na nyuso zote ni za watu wetu. Nikawatofautisha kwa rangi ya kibao kilicho chini ya miguu yao. Waasi nikawapaka nyekundu ya udongo, watiifu kijani. Mwasi mmoja nikamchora kovu shavuni kama la babu, na chini yake nikaandika jina lake.

Kaka yangu mkubwa nilipomtumia picha alifurahi sana. Mwezi ujao ukoo unakutana Kibakwe kuweka jiwe jipya kwenye kaburi la babu, lenye maandishi kwamba aliasi mkoloni. Watani wetu wamealikwa, wao ndio watakaolifunua. Kaka akaniagiza nije na visanamu nivipange hapo watoto waone.

Jumamosi moja wenzangu walipoondoka, baba alikuja taratibu akishika ukuta, akaomba nimpe babu amshike. Nikamwekea kiganjani. Akampapasa kuanzia tarabushi mpaka kwenye kibao.

"Umemweka upande gani?"

Nikamwambia, kwa waasi, baba.

"Mhamishe, mwanangu. Baba yangu alikuwa na wale waliowafyatulia waasi risasi."

Nilidhani ananitania. Akakaa, akaniambia kwamba yeye akiwa kijana mdogo, babu alimsimulia mwenyewe, mara moja tu, wakiwa machungani. Wakubwa walitoa amri, naye akafyatua. Baba alimuuliza kama alilenga pembeni. Babu akasema hapana, hakulenga pembeni, na rafiki yake alikuwa mbele yake. Akarudi kijijini, akawakuta watu wameshatunga kisa chao cha kujifariji, akanyamaza. Baba naye akanyamaza maisha yake yote.

Nikamuuliza kwa nini anasema leo.

"Maneno nimeyavumilia. Jiwe siwezi. Na zamu yangu inakuja, mama. Sitaki wale watu wanichimbie kaburi bila kujua."

Ananiomba niseme mimi siku ile, wakati wa kuwaeleza watoto visanamu, kabla jiwe halijafunuliwa. Anasema yeye akisema wataona ni uzee. Niliumia, na pia nilimkasirikia. Miaka yote hiyo, halafu mzigo unaniangukia mimi.

Nikampigia kaka. Akasema mzee macho yamekwenda na sasa kumbukumbu zinafuata, nisiwaletee aibu mbele ya wageni. Nikamwambia baba ana akili zake timamu. Akashusha sauti, akasema, "Haya, tuseme ni kweli. Wakikasirika wakaondoka, baba atachimbiwa na nani?"

Naogopa siku ya msiba wa baba nitasimama pale kaburini na hakuna hata mmoja wa kunichekesha. Naogopa pia uso wa yule mzee aliyelala kaburini kwa ajili ya mama, akinisikia.

Kopo la rangi ya kijani liko mezani. Nimelifungua mara mbili, nikalifunga. Kazi yenyewe ni ya dakika tano. Kila jioni nikirudi namwamkia baba, anaitikia marahaba, halafu anauliza kama rangi ya babu imekauka. Haoni, ningeweza kumdanganya. Namwambia tu bado.

Ndugu zangu, nishaurini, sina wa kumuuliza mwingine. Nimpake babu kijani mbele ya watu waliomzika mama yangu? Au nimwache baba azikwe na watu aliowaficha ukweli?