Tajiri Aliyesafiri kwa Mashua

Wakati nilipopata permi yangu ya kuendesha malori, madereva wenye akili walikuwa wanatafuta kazi nyingine. Barabara ya kutoka Rumonge kwenda Bujumbura ilikuwa ikifungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo cha soko, na kila ilipofungwa tulijua kuna gari limechomwa na waasi mahali fulani upande wa Kabezi. Lakini kaka zangu wote walikuwa wavuvi, na mimi ziwa lilinitapisha. Nikabaki na barabara.

Kwa kuwa madereva waliadimika, hata mgeni wa kazi kama mimi aliitwa. Wa kwanza kuniita alikuwa tajiri mmoja wa mawese. Alinipokea barazani, kwenye kochi ambalo hakuwahi kulivua nailoni, akinukia marashi hata nzi walikaa mbali. Alitaka kwanza nilitazame lori lake, jipya, jeupe, ndipo tuzungumze.

"Kijana, wengine wanachomewa magari sababu hawajulikani," alisema. "Mimi niko na watu. Jeshini niko na watu, porini niko na watu. Kamio yangu haiguswi."

"Na wewe, patroni, ukienda Bujumbura unapanda hiyo hiyo?"

Alicheka, akajishika kiuno. "Mimi mugongo yangu iko mubaya. Naenda na mashua."

Mji mzima uliujua mgongo ule. Ulikuwa mzima kwenye harusi, alipocheza mpaka shati likamganda mwilini. Ulikuwa mzima zaidi siku risasi ziliposikika mlimani, maana aliwapita vijana wote mbio. Uliuma barabara ilipotajwa tu.

Nilikubali safari moja ya kujaribiana, kwa sharti kwamba nitaondoka na msafara, yaani pamoja na magari yaliyosindikizwa na askari. Akaapa kwa Mungu.

Asubuhi ya safari nilijipanga na malori mengine kwenye kizuizi cha kutokea mjini, bidoni, madumu ya mawese, zimejaa nyuma. Askari walikuwa hawajafika. Tajiri akaja na gari lake dogo, akateremsha kioo nusu.

"Unangoja nini? Ondoka! Ukifika wa kwanza, soko yote ni yetu."

"Tulisema msafara, patroni."

"Musafara ni ya waoga. Nimekuambia niko na watu!"

Nikashuka, nikampelekea ufunguo pale dirishani. "Basi panda wewe, uwasalimie hao watu wako."

Madereva waliangua kicheko. Mmoja alipaliwa na andazi. Tajiri akanitukana kwa Kifaransa, kisha kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, asije akabaki mtu hajaelewa.

Hakukosa mwingine. Dereva mmoja Mkongomani, mtu mpole aliyeimba kwaya kanisani kwao, alikuwa amesimama pale akitafuta kazi. Akaupokea ufunguo. Nilimshika mkono nikamsihi asubiri askari.

"Ndugu yangu, watoto wangu hawatakula maneno yako," aliniambia kwa upole, akapanda, akaenda zake.

Msafara haukuondoka siku ile. Habari zilitufikia tukingali kizuizini: lori jeupe linawaka Kabezi.

Kesho yake yule dereva alirudi akichechemea kwa njia za milimani, shati lake amelifunga pajani, limekauka kwa damu. Aliomba tumpeleke kwa tajiri, akiamini atapewa gari la kumfikisha hospitali. Tulimkalisha kwenye baiskeli tukamsukuma. Tajiri akatoka barazani.

"Amahoro, patroni," dereva akasalimia.

"Na bidoni?" tajiri akauliza. "Hata moja haikupona?"

Hospitali tulimfikisha sisi, kwa baiskeli ileile. Alipona, ila mguu haukunyooka tena. Tajiri naye akazunguka mji mzima akisema kwamba dereva aliuza mawese, akalichoma lori mwenyewe. Eti na risasi ya pajani alijipiga kwa ujanja.

Baadaye aliniita mama mmoja mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, ambaye dereva wake alikuwa amekimbilia Tanzania. Lori lake lilikuwa kuukuu, mlango umefungwa kwa kamba, na ndani kulinuka samaki. Nikamuuliza swali nililomuuliza tajiri.

"Sasa atapanda nani kama si mimi?" akang'aka. "Nikuachie wewe ndagala zangu, nakujua wapi?"

Nikamwambia nitaanza kazi hata leo.

Safari yetu ya kwanza tulikwenda katikati ya msafara, yeye pembeni yangu, kapu la viazi mapajani. Alinitukana tangu kizuizini: gia naivunja, breki naikanyaga kama mdudu. Kabezi tulipita kando ya mabaki ya lile lori, meusi, magurudumu yote yamekwisha. Nilimwona mama akishika ubao wa mbele kwa mikono miwili, midomo ikitembea.

"Mama, unaogopa?"

"Naogopa sana," akasema. "Angalia mbele, mujinga we, iko shimo."

Nikalikwepa. Akamenya kiazi, akanipa nusu.