Waya wa Kijani

Bendi ilimwita Besi kwa sababu ya gitaa alilopiga, na yeye ndiye aliyekuwa pia fundi wao wa mitambo, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Kila Jumapili alasiri walipiga katika ukumbi wa hoteli moja yenye mapazia mazito. Vidole vya Besi vilikuwa kwenye nyuzi, jicho kwenye miksa, sikio likiwinda kelele. Spika zikipiga mluzi, alisogea hatua mbili akashusha kitufe, akarudi bila kupoteza pigo. Waya ukikatakata sauti, aliubadilisha katikati ya kiitikio. Watu walicheza wasijue lolote.

Kaka yake, aliyeianzisha bendi hiyo, alikuwa amezikwa miezi mitatu nyuma baada ya kuugua muda mrefu. Besi hakulia. Alibeba jeneza, akawashukuru waliokuja, na Jumapili akaenda kazini. Tangu hapo kila kitu kilimfikia kama mazungumzo ya chumba cha pili: alisikia kwamba watu wanasema, basi. Mkewe akimwuliza kama mboga imekolea chumvi, aliitikia ndiyo, hata siku ambayo haikutiwa kabisa.

Gitaa na amplifaya ya marehemu vilibaki kwa bintiye, mwimbaji wa bendi. Jumapili moja, wimbo wa pili ulipokwisha, binti huyo alirudi nyuma akamwinamia Besi.

"Baba mdogo, maiki inaniuma."

"Inakuuma vipi?"

"Midomo. Nikiigusa huku nimeshika gitaa, inaning'ata. Wiki iliyopita ilikuwa kidogo. Leo nimeona nyota."

Mpiga kinanda, kiongozi wa bendi waliyemwita Profesa, akacheka. "Maiki imeota meno? Ing'ate na wewe! Vaa lile sponji lake tuendelee. Meneja yule pale, leo ndiyo anaamua kama tunabaki au anamleta mtu mmoja na kompyuta yake."

"Profesa, sikuzi mambo."

"Mwanangu, jukwaani hatuugui. Tutaugua nyumbani."

Besi akatoa testa ya kupimia umeme mfukoni, akaigusisha kwenye nyuzi za gitaa la binti. Kitaa chake kikawaka. Alikuwa amejua kabla hakijawaka.

Miaka minne nyuma amplifaya ile ilikuwa ikinguruma kila walipopiga. Besi alifungua plagi, akauchomoa ule waya wa kijani, waya wa ardhi, ambao kazi yake ni kuupeleka chini umeme uliopotea kabla haujamkuta mtu. Ngurumo ikakoma. Kaka yake akampiga bega kwa furaha. Nitaurudisha kesho, Besi alijiambia, na kesho hiyo haikufika. Mafundi wengi hufanya hivyo, na hujitetea kwamba ni wengi, kana kwamba kosa likigawanywa hupungua. Sasa kitu fulani kilikuwa kimechakaa ndani ya ile mashine, umeme umefika kwenye nyuzi, unatafuta njia. Njia ilikuwa midomo ya mtoto wa kaka yake.

Hakuona hofu. Alijua tu kwamba ilimpasa kuogopa, kama mtu ajuavyo kuwa nje kunanyesha. Angeweza kusema ni waya mbovu, akarekebisha kimya kimya wakati wa mapumziko. Lakini binti alikuwa tayari anavalisha maiki sponji, kwa utii, na Profesa anahesabu: "Moja, mbili..."

Besi akachomoa plagi ya amplifaya.

Wimbo ukaanza, ukaanguka vipande vipande. Wachezaji wakageuka. Meneja akasimama.

"Wewe umerogwa?" Profesa alinong'ona kwa ukali. "Siku zote hizo, umechagua leo?"

"Amplifaya inapiga shoti. Waya wa ardhi niliutoa mimi."

"Lini?"

"Mwaka wa nne huu."

Binti aliondoa mkono kwenye nyuzi polepole. "Baba alijua?"

Marehemu haitwi kutoa ushahidi. Kumsingizia kungekuwa rahisi. "Hakujua," Besi akasema. "Nilimwambia nimeitengeneza."

Profesa alishuka jukwaani akamwendea meneja na tabasamu la kuomba dakika kumi. Besi aliiweka amplifaya kando, akaunganisha gitaa moja kwa moja kwenye miksa.

"Tayari," akasema.

"Shika wewe kwanza, baba mdogo."

Akashika nyuzi, akaiwekea maiki midomo mbele ya ukumbi mzima. "Bwana harusi huyo!" mtu akapaza sauti mezani, watu wakacheka.

"Hakuna kitu," Besi akasema.

"Neno lako sitaki. Nipe testa."

Binti akapima mwenyewe: nyuzi, maiki, bati la miksa, kisha akarudia tena. Kitaa hakikuwaka. Ndipo akaimba, na akaimba vizuri. Meneja aliondoka wimbo wa tatu haujaisha. Jumanne wakapata habari kwamba mwisho wa mwezi ndio mwisho wao.

Walipata ukumbi mwingine, mdogo, wenye viti vya plastiki. Profesa humsalimia Besi kwa kichwa tu. Binti hakuhama bendi, wala hakusamehe. Hufika kabla ya wote, husema "Shikamoo, baba mdogo" kwa adabu ileile, kisha huchukua bisibisi akafungua plagi zote, moja moja, akatazama ndani. Besi huchuchumaa kando yake, akammulikia tochi mpaka amalize.